Mwaka Niliomshinda Wanjala

Harufu ndiyo iliyonishika kwanza. Tulikuwa tunaiondolea vitu nyumba ya wazazi wetu mjini Blaine, ng'ambo, baada ya Mama kufariki, na mimi nilikuwa nimepewa gereji, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kushughulika na koleo za theluji na makopo ya rangi. Nilipovuta zipu ya begi refu lililokuwa limesukumwa nyuma kabisa, ikatoka harufu ya vumbi jekundu la uwanjani, ngozi ya glavu na jasho la kijana ambaye hayupo tena, ingawa kaka yangu Wanjala yuko hai, anakaa Roseville, mji wa jirani, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amenipigia simu kuuliza kama nimekumbuka kubeba mifuko ya takataka. Ndani ya begi, chini kabisa, kulikuwa na njumu zake. Ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa imelika mbele, pale vidole vinapokaa, kiasi kwamba kidole changu kilipita kikatokea ndani. Nikageuza ndoo ya rangi, nikakaa juu yake, na kwa muda mrefu sikuendelea na kazi.

Nilikuwa na miaka minane tulipohamia nyumba ile, na Wanjala alikuwa na kumi na tano. Mtaa ulikuwa mpya hata miti yake ilikuwa bado imefungwa kwenye vijiti isianguke. Hapakuwa na mahali pa kwenda kwa miguu. Ukitaka maziwa, gari; ukitaka kanisa, gari. Baba alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee, upande wa watu wanaojifunza kutembea upya baada ya kupooza au kuvunjika nyonga. Alirudi sisi tukiondoka kwenda shule, akalala mchana kutwa, na kwa hiyo sheria kubwa ya nyumba yetu ilikuwa ngazi. Zilikuwa za mbao, zikipita karibu na kichwa cha kitanda chake, na Mama alitufundisha kuzipanda kwa ncha za vidole.

Nje ya nyumba tuliruhusiwa kila kitu. Masanduku ya barua ya mtaa mzima yalikuwa kwenye kona, na kila jioni mimi na Wanjala tulitumwa kuchukua barua. Kurudi ilikuwa mashindano. Aliniacha nitangulie mpaka nifike kwenye bomba jekundu la zimamoto, kisha akaanza. Nilisikia hatua zake nyuma yangu, chache, zimeachana, hazina haraka yoyote, halafu ghafla alikuwa pembeni yangu, halafu alikuwa mbele. Nilipomtazama mgongoni hakufanana na mtu anayekimbia. Mabega yalitulia, mikono ilining'inia, uso ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza redio. Akifika kwenye mlango wa gereji aliugusa kwa kiganja, akageuka kunisubiri.

Shuleni alicheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo kisha kukimbilia kituo kiitwacho besi kabla mpira haujakifikia. Wazazi wengine, waliposikia sisi ni Wakenya, walitingisha kichwa kana kwamba tumewathibitishia jambo. Baba alicheka akawaeleza kwamba wale wanaokimbia wanatoka upande mwingine wa nchi, sisi watu wa Bungoma tunajulikana kwa kuku na ugali. Lakini moyoni ilimwingia. Alitaka mwanawe akikimbia aonekane anakimbia. Katika timu kulikuwa na kijana mmoja mfupi, Devin, ambaye akiupiga mpira miguu yake ilikwenda kama cherehani, kofia inaruka, vumbi linatimka, na uwanja mzima ulisimama. Wanjala akipiga, alifika besi ya kwanza bila mtu kujua alipita wapi. Baba alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, bado na nguo za kazi, akanung'unika kwamba kijana huyu anakimbia kama ametumwa dukani.

Kocha alikuwa mzee mnene aliyewahi kucheza ujanani mwake. Siku moja baada ya mazoezi alimwita Baba karibu na ua wa waya, akamwonyesha saa yake ya kupimia mbio. Nilikuwa nimeshika mkono wa Baba, kwa hiyo nilisikia yote. Alisema amewapima vijana wote kutoka pale wanapopigia mpaka besi ya kwanza, na Wanjala amewaacha mbali, Devin akiwemo. Alisema macho ya watu yanafuata miguu inavyochezacheza, lakini saa inachojua ni mtu amefika lini tu. Baba aliitazama ile saa kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa mwenzake, na nyumbani akamwambia Mama kwamba yeye anaamini macho yake.

Kocha aliongeza jambo lingine siku ile, ambalo lilinipita juu ya kichwa na kunirudia miaka mingi baadaye. Alisema mchezaji huanza kupoteza kasi akiwa bado kijana mbichi, kabla ya unywele mmoja kugeuka mweupe, na yeye mwenyewe huwa wa mwisho kujua, kwa kuwa anavyojisikia mwilini hakubadiliki. Anajisukuma vilevile, anahema vilevile. Baba alikubali haraka. Alisema kazini kwake wako wazee wanaoapa kwamba wamekimbia kwenda chooni, na yeye amewatazama koridoni wakihangaika kuipita milango miwili.

Majira ya baridi yakaja, theluji ikafunika uwanja, na ndipo Mgeni alipoingia nyumbani kwetu.

Ndivyo nilivyomwita, na sikumwambia mtu jina hilo. Nilikuwa chumbani kwangu alasiri, nafanya hesabu za shule, nikasikia mtu anapanda ngazi. Hakuwa Mama, Mama alikuwa kazini. Baba alikuwa amelala, nilimsikia akikoroma. Wanjala nilizijua hatua zake. Huyu aliweka mguu mmoja vizuri, na mguu wa pili ukashuka wote kwa pamoja, pa, kama Mama anavyopiga kinyunya cha chapati ubaoni. Hatua, pa. Hatua, pa. Nilipofungua mlango nilimkuta Wanjala juu ya ngazi na begi lake begani, peke yake. Nikatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

Nyumba ilikuwa mpya, hakuna aliyewahi kufia humo, na hilo lilinitisha zaidi, maana lilimaanisha Mgeni alikuwa ametufuata kutoka kwingine. Niligundua kwamba anakuja Wanjala akiwepo tu. Akitoka, ngazi zilikaa kimya. Akirudi, alirudi naye. Nikaamua kwamba kuna mtu anatembea nyuma ya kaka yangu, karibu sana, anakanyaga pale anapokanyaga yeye, na kwamba Wanjala hamjui kwa sababu hageuki kutazama. Nikaanza kumwombea. Wakati wa sala ya chakula, Mama akishamaliza, niliongeza moyoni ombi kwamba yule mtu achoke, aende zake. Wakati mwingine nilimwendea Wanjala akiwa amekaa, nikapitisha mkono hewani nyuma ya kiti chake, kuona kama kuna baridi.

Baba naye alimsikia. Siku moja alishuka jikoni alasiri, macho mekundu, akauliza nani anakanyaga ngazi kama anatwanga. Akamwambia Wanjala ainue miguu. Wanjala akajibu kwa Kiingereza kwamba anainua. Baba akajimiminia chai, akakaa, akasema kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamka vizuri kwamba ameota yuko kazini. Koridoni kulikuwa na mgonjwa anatembea bila fimbo, anakaribia kuanguka, na yeye anamkimbilia lakini hamfikii. Tena na tena usingizi wake wa mchana ulimpeleka kazini. Mama alisema ni uchovu, akamsihi apunguze shifti. Mimi nilijua kwamba Mgeni alikuwa ameanza kuingia katika ndoto za watu.

Mama aliona viatu. Alimnunulia Wanjala vipya mara mbili katika majira hayo ya baridi, na kila mara cha kulia kilitoboka mbele. Alimgombeza kwamba anaburuta mguu kwa makusudi, kwamba amejifunza mwendo wa wavulana wa televisheni. Wanjala aliinamisha kichwa akaomba radhi. Alikuwa mtoto wa kuomba radhi haraka, ili mambo yaishe.

Theluji ilipoyeyuka, alirudi uwanjani na mwendo mpya. Sasa alipokimbia aliinua magoti juu, karibu yafike kifuani. Alikunja ngumi. Shingo ilitoka mishipa, kofia ilidondoka. Ulipomtazama ulihisi unachoka wewe. Baba alisimama kutoka kwenye kiti chake cha kukunja mara ya kwanza alipoona, akapiga makofi peke yake, akageuka kwa Mama akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tuhamie.

"Sasa ndiyo anakimbia," alisema. "Umeona? Sasa ameamua."

Na kweli ndivyo ilivyoonekana. Wazazi wengine pia walisema hivyo. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na mtu hata mmoja kwenye mabenchi yale aliyeona vingine, na sijampata. Kocha alipima akaona saa inampa majibu yasiyolingana na macho yake mwenyewe. Baadaye alimweleza Baba kwamba alidhani kidole chake kimezeeka, hakibonyezi tena kwa wakati, na kwamba kwa wiki kadhaa hakumwambia mtu, hata mkewe, kwa aibu ya uzee. Alikwenda akanunua saa nyingine.

Kwa upande wangu, huo ndio ulikuwa mwaka wangu. Kila jioni tuliporudi kutoka kwenye masanduku ya barua, Wanjala alinipita akiwa amechelewa zaidi. Mwanzoni alinipita hatua chache baada ya bomba, kisha karibu na nyumba ya majirani wenye mbwa, kisha kwenye mlango wetu wenyewe. Nilihisi ninakua. Nilitazama miguu yangu bafuni nikaona misuli. Halafu jioni moja, hewa ikiwa na harufu ya nyasi za kwanza kukatwa, niligusa mlango wa gereji nikageuka, na yeye alikuwa bado anakuja. Alikuja magoti juu, ngumi zimekunjwa, macho yamenikazia, na alikuwa mbali.

Nilitangaza mezani. Nilisema nimemshinda Wanjala, na si kwa kuachiwa, alikuwa anakimbia kweli. Baba alicheka sana akasema basi msichana ndiye apelekwe besiboli. Mama alimwambia Wanjala kwamba ni vizuri kumfurahisha mtoto. Nikapinga, nikamtaka Wanjala aseme mwenyewe kama aliniachia. Alikuwa anakata nyama yake vipande vidogo vidogo. Akasema kwa Kiingereza kwamba hapana, Nafula ameshinda kihalali. Kisha akaniangalia kwa namna ambayo niliichukua kuwa heshima, na nikalala na furaha siku hiyo, hata Mgeni alipopanda ngazi sikujali.

Mchezo ninaotaka kuusimulia ulichezwa Jumamosi, mchana mweupe. Ilisemekana kuna watu wa chuo fulani wamekuja kutazama vijana. Baba alitoka kazini moja kwa moja, hakulala. Wanjala aliupiga mpira ukatambaa chini kuelekea kwa mlinzi wa mbali, mpira ambao mwaka uliotangulia angetembea tu na kufika kabla yake. Akaanza kukimbia. Ninakumbuka magoti yale, vumbi, watu wote wamesimama, Baba ameinua mikono yote miwili. Kwa macho yangu hakuna mtu aliyewahi kukimbia haraka namna ile. Mpira ukaingia kwenye glavu ya mlinzi wa besi ya kwanza, yule kijana aliyeudaka akaushusha, akasimama akisubiri, na Wanjala alikuwa bado njiani.

Mwamuzi alionyesha kwamba ametoka. Baba akashuka mpaka kwenye ua wa waya akamwambia mwamuzi kwamba ameona vibaya. Alisema kwa upole mwanzoni, kisha bila upole. Kocha akaja akamshika bega. Alikuwa na saa mbili, moja kila mkono, ya zamani na mpya.

"Nimempima kwa zote mbili," alisema. "Sijui nikwambie nini. Anatia bidii kuliko wote, na ndiye wa mwisho."

Baba alimjibu kwamba anunue saa ya tatu.

Tuliondoka kabla mchezo haujaisha. Tulipita kwenye maegesho ya magari, Baba mbele, Mama na mimi katikati, Wanjala nyuma akiwa bado na njumu miguuni. Juu ya lami vyuma vya njumu vililia. Hatua, pa. Hatua, pa. Nilimshika Mama nguo, kwa sababu sikuwa nimewahi kumsikia Mgeni nje ya nyumba, mchana, mbele ya watu. Baba alisimama. Hakugeuka. Alisimama ametugeuzia mgongo, funguo mkononi, kama mtu aliyeitwa jina kutoka mbali.

"Tembea," alisema.

Wanjala akauliza atembee kwenda wapi.

"Nenda mpaka kwenye lile gari jeupe, urudi."

Akaenda, akarudi. Baba alikuwa amefumba macho. Akamwambia aende tena. Watu waliokuwa wanapakia viti vyao walitutazama. Wanjala alirudi mara ya pili, na Baba akafungua buti la gari, akamkalisha ukingoni, akapiga magoti juu ya lami kwa suruali yake ya kazi, akafungua kamba za njumu ya kulia. Alivua soksi. Alifanya kila kitu polepole na kwa mpangilio, na niliona kwamba hapo hakuwa baba yetu, alikuwa mtu wa kazini kwake. Akashika kisigino kwa mkono mmoja.

"Inua vidole. Vielekeze usoni kwako."

Mguu ulining'inia mkononi mwake kama ulivyokuwa.

"Inua vidole, Wanjala."

"Nimeviinua, Baba," alisema, kwa Kiswahili.

Hilo ndilo ninalolisikia hadi leo. Sisikii makofi wala kelele za mwamuzi. Namsikia kaka yangu akisema nimeviinua, kwa uso wa mtu anayesema kweli, na vidole vimelala.

Baba alirudisha soksi, akaivuta vizuri kisigino kisikunjamane, akaendelea kushika ule mguu kwa mikono miwili mpaka Mama alipomgusa kichwani.

Ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu ya miguu, wa kuzaliwa nao, ambao hujificha utotoni na kutoka mtu anapoanza kuwa mkubwa. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alisema haumuui mtu. Unatembea naye tu. Aliuliza ulianza lini, na sisi watu wazima na watoto tukatazamana. Mama alitaja viatu. Baba alitaja usingizi wake, akashindwa kumaliza. Wanjala ndiye aliyejibu. Alisema ulianza wakati dada yake alipoanza kumkaribia, na mwisho wa mwezi wa tano, alipomshinda, akawa na hakika.

Daktari aliandika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, na nilikuwa nakizungusha, nikaacha. Sikulielewa lote siku ile. Lilinijia kidogokidogo, kwenye gari, kisha bafuni nilipotazama miguu yangu. Wakanipima na mimi. Sikuwa nao. Lakini kwa miaka mingi, kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, niliinua vidole vya miguu chini ya blanketi, na kwa kuwa nilishajua kwamba mtu anaweza kuamini ameviinua, ilinibidi nifunue blanketi nitazame.

Hakuna aliyenikataza kukimbia. Niliacha tu. Barua tulianza kuchukua kwa gari, Mama akitoka kazini.

Baba alimsamehe kocha haraka na hakujisamehe mwenyewe. Alikuwa amewashika mikono watu wasiohesabika wenye hatua ile, alikuwa ameisikia juu ya kichwa chake majira mazima ya baridi, na akaendelea kulala. Alihamia shifti ya mchana, akaanza kulala usiku kama watu, akasema ndoto zimekwisha. Mama aliniambia kabla hajafariki kwamba hazikuwa zimekwisha.

Wanjala alisoma, akapata kazi ya ofisini, akaoa, akaachana, akazoea vishikizo vya plastiki vya kuinua mguu ndani ya viatu na, baadaye, fimbo. Kanisani wako wanaomkumbuka akicheza. Wanasimulia jinsi alivyokimbia, magoti juu, kofia inaruka, na macho yao yanang'aa. Wanaukumbuka mwaka ule wa mwisho. Wanjala huwaacha wasimulie. Ule mwendo mwingine, ule wa mtu anayesikiliza redio, sijakutana na mtu anayeukumbuka isipokuwa mimi, na mimi niliuona kwa nyuma.

Sasa nyumba ya Blaine imeuzwa na Baba anaishi na Wanjala Roseville. Magoti ya Baba yameisha, na majira ya baridi hathubutu kutembea nje kwenye barafu. Kwa hiyo asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, wanakwenda kutembea ndani ya lile jengo kubwa la maduka pamoja na wazee wengine wa mji. Ninaungana nao Jumamosi. Wiki iliyopita mama mmoja Mkenya alitusalimia, akaniuliza kama hawa wawili ni ndugu, wanatembea sawasawa.

Wanjala alipokwenda kununua kahawa, Baba aliniinamia. "Mimi ningeweza kwenda upesi kuliko hivi," alisema. "Lakini siwezi kumwacha nyuma. Usimwambie."

Baadaye, tukimsubiri Baba atoke chooni, Wanjala aliniambia kwa Kiingereza kwamba amejifunza kupunguza mwendo bila Mzee kutambua, kwa sababu akitambua ataacha kuja.

Walipoanza mzunguko mwingine niliwaachia watangulie, nikatembea nyuma yao nikitazama miguu. Nilitazama miguu ya Baba, kisha ya Wanjala, kisha vigae vya sakafu vikipita chini yao, nione ni nani anayemngoja mwenzake. Walikwenda bega kwa bega mpaka mwisho wa ukumbi, kwenye duka lililofungwa, wakageuka. Baba alinitafuta kwa macho, akaniona, akauliza mbona nimebaki nyuma hivyo, au nimechoka.